Shemeji Anataka Chakula cha Asili

Zamani mgeni akishuka gari Lodwar alikuwa na maswali ya maana. Choo kiko wapi? Maji baridi yako wapi? Gari la kurudi Kitale linatoka saa ngapi? Ukimjibu, ameridhika, na wewe unaendelea na shughuli zako. Siku hizi amezuka mgeni wa aina nyingine. Hajajipangusa vumbi, hajapata hata kivuli cha kusimama, anakukazia macho na kukuuliza, "Chakula cha asili cha huku ni kipi, na nitakipata wapi?"

Wangu mimi ni shemeji. Amemuoa dada yangu mdogo na wanakaa Kisauni, Mombasa. Ni Mrabai mcheshi, mtu wa watu, mkono wake mwepesi kuingia mfukoni ikiwa kinachonunuliwa kinaliwa. Alikuja na simu mbili, moja ya kuzungumza na moja ya kupiga chakula picha, pamoja na kibegi chenye pilipili ya kusaga na ndimu, eti hakujua huku tunatia nini. Mimi nilitoka kwetu Kataboi, kando ya Ziwa Turkana, kuja kumlaki. Kutoka Kalokol nilipanda lori la samaki kwa sababu ndilo lililokuwepo, na kilomita sitini zile zilinikaa kwenye shati hata baada ya kulifua.

"Shemeji," akaniambia, "mie Mombasa nimekula mpaka nimechoka. Viazi karai, mahamri, mishikaki, wali wa nazi, vyote navijua. Sasa nataka niule mji huu wa Lodwar, halafu niule na Kakuma. Nipeleke wanakokula wenyeji."

Ningemwambia ukweli palepale tungeokoa fedha nyingi. Wenyeji wanakula kwao. Chakula cha Kiturkana hakijawahi kuandikwa bei. Hakina hoteli, hakina kibanda, hakina mhudumu. Ukitaka kukila sharti uwe ndugu wa mtu, au mkwe wa mtu, au umepotea njia ukatokea kwenye boma la watu nyama ikiwa motoni. Lakini shemeji haambiwi maneno kama hayo steji, jua la saa saba likiwa utosini. Nikamwambia twende.

Hoteli tuliyoingia ilikuwa na orodha ya vyakula iliyopakwa rangi ukutani, kuanzia chini ya bati hadi kwenye madoa ya mafuta. Kuku wa kienyeji, samaki, pilau, biriani, matoke, mukimo, ndengu, na chini kabisa, "Keki za harusi kwa oda." Shemeji akasimama mbele ya ukuta akausoma wote, midomo ikicheza. Msichana wa kuhudumia akamngoja amalize, kisha akasema, "Iko ugali matumbo na chapo madondo."

"Na hivi vingine?"

"Hivyo ni vya ukuta."

Shemeji hakukata tamaa. Akamuuliza kwa ile sauti ya Pwani ya kumbembeleza mtu, "Dadangu, chakula cha Waturkana mnacho?" Msichana, ambaye kwao ni Bungoma, akafikiri, akaenda jikoni kuuliza. Mpishi akajibu kwa sauti tuliyoisikia sote kwamba Waturkana wakija hapa wanakula chapati. Na kweli, pembeni walikuwa wamekaa wazee wawili wa kwetu. Mmoja alikuwa ameweka ekicholong chake, kile kigoda cha kukalia mchana na kulalia kichwa usiku, chini ya kiti cha plastiki ambacho hakuwa na haja nacho. Anachovya chapati kwenye chai yenye sukari ya kutosha harusi, anaitoa, anaiangalia inavyodondoka, anaimeza. Hakuwa na dalili yoyote ya kuukosa utamaduni wake.

"Haya, wenyeji ndio hao," nikamwambia shemeji. "Wanakula."

Akaagiza chapati na maharagwe, uso umemshuka.

Jioni akataka mbuzi. Nikachangamka kidogo, maana mbuzi angalau ni mwenzetu. Tukaenda kwa wachomaji. Mbuzi ananing'inia kwenye ndoano, hana kichwa, hana ngozi, hana jina, na kijana mwenye kisu anakuuliza, "Robo ama nusu?" Mimi jambo hili halijanishuka mpaka leo. Kwetu mbuzi anajulikana kwa rangi yake, mabaka yake, masikio yake yalivyokatwa, mama yake, na alivyoingia nyumbani. Huyu alitoka kwenye mahari ya shangazi. Huyu ni faini ya kijana fulani aliyeshindwa kujizuia. Huyu alizaliwa mwaka wa ukame na kila mtu alisema atakufa, naye akakataa. Mbuzi mwenye historia ndefu kuliko ya mbunge, akifika Lodwar anaitwa nusu kilo.

Tukaletewa nusu kilo yetu kwenye ubao, na kachumbari, na ugali tulioambiwa ni wa wawili. Shemeji akakamua ndimu, akanyunyiza pilipili, akatafuna. Akatafuna tena. "Mbuzi huyu," akasema alipopata nafasi, "alikuwa mwanariadha." Nikamweleza kwamba mbuzi wa huku anatembea kutafuta jani, hakai akaletewa. Halafu nikaona mlango umefunguka, nikapenya. Nikamkumbusha kwamba kuna mbuzi wengine ambao hawajaanza hata kutembea, nao ni wale anaodaiwa nyumbani. Mahari ya Kiturkana si mchezo wa watoto. Kuna ngamia, kuna ng'ombe, kuna punda, na mbuzi na kondoo hawahesabiwi kwa vidole vya mtu mmoja. Shemeji alilipa fungu la kwanza vizuri, la pili kwa maneno matamu, na la tatu kwa kubadilisha laini ya simu.

"Shemeji," akaniambia akijifuta mdomo, "tusilete hesabu mezani, chakula kitatukwama."

Kesho yake ikawa zamu ya samaki. Hapo ndipo nilipoumia zaidi, kwa sababu samaki wa Lodwar wanatoka kwetu, na yule aliyeletwa mezani, aliyekaangwa kisha akaogeshwa kwenye nyanya, nusura nimsalimie. Tulisafiri naye. Kataboi ningempata kwa bei ya kiberiti na maneno mazuri kwa mvuvi. Pale alikuwa amepanda cheo na bei ikapanda naye. Nilipomuuliza mhudumu kama ni wa leo, akaniambia kwa uaminifu mkubwa kwamba ni wa leo tangu jana.

Shemeji, aliyelelewa baharini, aliona ajabu kwamba wazee wa kwetu hawamsifii samaki. Nikamweleza. Baba yangu alikuwa akisema samaki ni chakula cha mtu ambaye mifugo yake imekwisha. Ndivyo wengi walivyoanza uvuvi hasa. Ukame ukimaliza ng'ombe, mtu anashuka ziwani kwa aibu, anakula samaki huku akitazama nyuma kama kuna anayemwona. Serikali ya mkoloni na mashirika yaliyofuata yaliona ziwa limejaa samaki na watu wenye njaa kando yake, wakadhani hesabu imejipiga yenyewe. Wanorwe ndio waliokuja na moyo mkunjufu kuliko wote. Wakatujengea Kalokol kiwanda cha kugandisha minofu ya samaki, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jengo zuri, la kisasa, mitambo mipya kabisa. Tatizo lilikuwa dogo tu. Mitambo ilitaka umeme mwingi na maji safi mengi kuliko vilivyokuwepo, na kugandisha samaki mmoja katika joto la Turkana kulikula fedha nyingi kuliko alizokuwa akileta sokoni. Kiwanda kikafanya kazi siku chache kikanyamaza. Halafu ziwa nalo, katikati ya miaka hiyohiyo, likarudi nyuma, Ghuba ya Ferguson iliyokuwa ikitoa samaki wengi ikakauka, na kiwanda kikabaki kikitazama mchanga. Mwaka 1990 Kenya na Norwei zikavunja uhusiano wa kibalozi kwa mambo mengine kabisa ya siasa, hata wa kumlalamikia akawa hayupo. Jengo likaja kutumika kuweka samaki waliokaushwa kwa jua, ambalo halina bili.

"Na hao wakavu wanaenda wapi?" shemeji akauliza.

Wanaenda Kongo. Wanapakiwa kwenye malori, wanapita Lodwar bila kusimama, wanapita Kitale, wanavuka Busia, wanaendelea. Samaki wa ziwa letu ameona nchi nyingi kuliko mimi. Mimi pasipoti sina.

Basi shemeji akaanza kutembea sokoni peke yake, akitafuta, na mimi nyuma yake nikibeba kibegi cha ndimu. Chini ya mti akamkuta mama amepanga matunda ya kahawia, magumu, yanayong'aa, kwenye kikapu kilichosukwa kwa miyaa. Shemeji akapiga ukelele wa furaha. Hatimaye! Akapiga picha tunda, akapiga kikapu, akaomba ampige na mama, mama akataja bei ya picha kwanza. Akanunua, akang'ata, meno yakagonga, akang'ata tena, akatulia. Uso ukabadilika.

"Shemeji. Hizi si koma?"

Ni koma. Mkoma unaota kando ya Turkwel na unaota Pwani vilevile, na yeye mwenyewe alipokuwa mtoto alikuwa akiziokota Mombasa bure. Amesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kuja kuuziwa koma. Nilijaribu kutocheka. Mama mwenye koma hakujaribu.

Usiku ule, tumelala nje kwa sababu ndani palikuwa na joto la kuoka mkate, akaniuliza kama hakuna mtu yeyote mashuhuri aliyewahi kupika Turkana. Nikamwambia yupo, na sanamu yake iko kwenye noti. Jomo Kenyatta, baada ya kesi ya Kapenguria, alifungwa Lokitaung, huko juu ukipita kwetu, kuanzia mwaka 1953. Wenzake walipelekwa kuvunja mawe juani. Yeye kwa sababu ya umri akafanywa mpishi wao. Kila siku, wanasema, maharagwe na posho. Mwaka 1959 akahamishwa kuletwa hapa Lodwar. Shemeji akakaa akilifikiria jambo hilo.

"Maharagwe na ugali," akasema. "Yaani yale ya msichana wa Bungoma."

"Yaleyale. Umekula chakula cha kihistoria na ukanuna."

Tukaenda Kakuma. Ni kama kilomita 120 kutoka Lodwar, na kwa miaka mingi barabara ile ilikuwa na mashimo yenye umri wa kupiga kura. Sasa lami imetulia na unafika ukiwa bado na hamu ya kula. Kambi ya wakimbizi ilianza mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan, na tangu hapo kila nchi jirani iliyopata shida imeleta watu wake, na watu wake wamekuja na sufuria zao. Wachumi wa IFC, shirika la Benki ya Dunia, walipopiga hesabu mwaka 2018 walikuta Kakuma ina maduka zaidi ya 2,000 na biashara ya zaidi ya dola milioni 50 kwa mwaka. Mimi sihitaji mchumi kuniambia. Ukitaka kujua kama mji una pesa, angalia kama kuna mtu anauza chakula ambacho si lazima. Kakuma unapata sambusa saa nne za usiku.

Tulianza kwa Wasomali. Wali umerundikwa kwenye sinia, nyama ya ngamia juu, na pembeni ndizi mbivu, nzima, haijamenywa. Shemeji akaiangalia ile ndizi kwa heshima ya mtu anayengoja maelezo. Nikamwambia inaliwa na wali, katika tonge moja. Mtu wa Pwani ana dini yake na dini ya pilau, na ile ya pili ndiyo kali. "Wali na ndizi mbivu," akanong'ona, "hata bibi yangu akiwa na homa hakuwahi." Lakini alimaliza. Akaomba ndizi nyingine.

Kwa Wahabeshi tulifika Ijumaa. Hilo lilikuwa kosa la kalenda, si langu. Wakristo wa Orthodoksi hawagusi nyama Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo hoteli nzima, katikati ya kaunti yenye mbuzi wengi kuliko watu, ilikuwa na dengu. Dengu nyekundu, dengu za manjano, shiro, mboga za majani, vyote vimepangwa kwa mafungu juu ya injera moja kubwa iliyofunika sinia lote. Shemeji akala upande wake, akala upande wangu, kisha akang'amua kwamba sahani nayo inaliwa. Baadaye kukawa na kahawa. Usiombe kahawa kwa Wahabeshi kama una gari la kuwahi. Yule mama alizikaanga buni mbele yetu, akatupitishia moshi wake puani, akazitwanga, akachemsha, akachoma ubani, akatuletea bisi, na ilipomiminwa duru ya kwanza shemeji akainuka ashukuru tuondoke. Akakalishwa. Kuna ya pili. Akainuka tena. Kuna ya tatu, na hiyo ndiyo ya baraka, anayeikimbia anaiacha. Usiku ule hatukulala hata mmoja wetu, na shemeji alitumia muda huo kunieleza tofauti zote za kahawa tungu ya Mombasa.

Mahali nilipoishiwa maneno ni kwa mama mmoja Mkongomani, mwenye meza chini ya turubai. "Karibu papa," akamwambia shemeji. "Kuko bugali, kuko sombe, kuko na makayabo. Mutakula nini?" Shemeji akataka vyote. Sombe ikaja, majani ya muhogo yaliyopondwa mpaka yakasahau kuwa majani, yenye mafuta ya mawese yanayong'aa pembezoni. Na ndani ya bakuli jingine, kipande cha samaki mkavu wa chumvi kilichochemshwa kikalainika, kikatiwa nyanya na kitunguu. Nilikionja. Nikakionja tena. Nikamuuliza mama samaki huyu anamnunua wapi.

"Kalokol, papa. Iko ya huku kwenu."

Maisha yangu yote nimekaa kando ya yule samaki. Nimemla wa kuchemsha, wa kuchoma, wa kukaanga kwa mafuta yaliyochoka. Hakuna siku aliyonifanyia vile. Ilibidi aende kwa mtu wa Bukavu ndipo awe chakula. Shemeji alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua akamwambia mama, kwa ukunjufu wa mtu aliyeshiba, kwamba aje Mombasa afungue hoteli, yeye atamtafutia chumba Kongowea. Mama akacheka kidogo, akafuta meza. Mkimbizi hatoki Kakuma kwenda Mombasa hivihivi. Anahitaji karatasi ya ruhusa, na karatasi ile haitolewi kwa ajili ya sombe.

Na hapa sitatia mzaha. Tangu mwaka 2015 sehemu ya mgao wa chakula ilikuwa ikija kwa simu, wenyewe wakiuita Bamba Chakula, na ndio uliokuwa ukizungusha meza nyingi za aina ile. Mwaka 2025 misaada ilipopungua, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likapunguza mgao hadi asilimia 28 ya kile kinachohesabiwa kuwa cha lazima. Watu waliandamana. Mama alituambia wateja wake wa siku hizi ni wageni tu, wenye simu za kupiga picha. Shemeji akaiweka simu mfukoni na hakuitoa tena mpaka tulipofika nje.

Nje, kwenye njia ya kuingilia sokoni, walikuwa wamekaa wanawake wa Kiturkana, shanga shingoni, kila mmoja na gunia lake la makaa. Makaa ya mathenge, ule mti tulioletewa uzuie jangwa, ukaamua kuzuia kila kitu kingine. Ule ambao Wailchamus wa Baringo walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani kuonyesha ulivyomfanya meno. Shemeji akasimama akawaangalia wale akina mama, akageuka akaliangalia soko lote: moshi wa Wasomali, moshi wa Wahabeshi, moshi wa Wakongomani, wa Warundi na wa watu wa Sudan Kusini.

"Kumbe nyinyi mnawapikia wote," akasema.

"Tunawauzia moto," nikamjibu. "Kupika wanapika wenyewe."

Tulirudi kupitia Lodwar, tukateremka Kalokol, na kutoka hapo tukaenda Kataboi kwa pikipiki mbili, mchanga mtupu na mito mikavu, laga juu ya laga, ziwa likitokea kulia na kupotea. Shemeji alifika amekonda. Mama yangu alimzunguka akamkagua mbele na nyuma, akaniuliza kwa nini nimemnyima mkwe wake chakula. Nikamwambia hajafanya kitu kingine tangu afike ila kula. Mama akasema huko si kula, huko ni kununua, na akatuma kijana amlete mbuzi.

Kwanza aliletewa maziwa ya mgando, kwenye chombo cha mbao kinachofukizwa moshi ndani kabla ya kutiwa maziwa. Akanywa funda moja, akasita, nikaona anautafuta ule moshi mdomoni, halafu chombo kikapanda juu na hakikushuka. Akaletewa enyas, nyama iliyokaushwa. Akaletewa edodo, maziwa yaliyokaushwa yakawa unga, ambayo tunaweka kwa siku mbaya. Kila kitu akauliza kinauzwa wapi, na kila mara mama yangu, ambaye Kiswahili chake ni kichache na hakina haya, akamjibu, "Unauza mama yako?"

Mbuzi alichomwa chini ya mti, vipande moja kwa moja kwenye makaa, wazee wamekaa nusu duara kila mtu mahali pa rika lake. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu. Hapo jirani, Lomekwi, watafiti mwaka 2011 waliokota zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zote zilizowahi kupatikana duniani. Kwa hiyo watu wa pande hizi, au wale waliokuwepo kabla ya watu, wamekuwa wakikata vitu kwa muda mrefu na hakuna ushahidi wowote kwamba waliwahi kutafuta ndimu. Shemeji aliingiza mkono kwenye kibegi. Wazee wote wakautazama ule mkono. Ukatoka mtupu.

Nyama haikuchaguliwa. Kila kiungo kina mwenyewe, na mzee anayekata anamjua. Shemeji, aliyezoea kunyooshea kidole anachotaka, alipewa alichopewa. Alipotafuna sikumsikia akitaja wanariadha.

Kisha yakaletwa matumbo. Mzee mmoja akayatandaza chini, akayageuza taratibu, akainama, akafuata mshipa kwa ncha ya kijiti. Wote wakanyamaza. Shemeji akaninong'oneza anatafuta nini, nikamwambia anasoma: mvua, maadui, magonjwa, mambo ya mbele. Mzee akasema mvua iko mbali bado. Maadui hawaonekani. Akakaa kimya kidogo, akageuza kipande kimoja, akakiangalia kwa karibu. Akasema anaona mifugo. Mbuzi, na nyuma yao ngamia. Wanatoka upande wa jua, mbali sana, kwenye maji makubwa ya chumvi. Wanakuja. Lakini wanatembea polepole mno, na inaonekana kuna mtu amewasimamisha njiani.

Nilimtafsiria neno kwa neno, sikuongeza kitu. Nilipomaliza, nusu duara yote ilikuwa imemgeukia.

Shemeji akaweka mfupa chini. "Mtandao," akasema, "unashika wapi hapa?"

Akaonyeshwa kilima. Tulimwona akipanda na jua lile, akiinua simu juu, akishuka kidogo, akihamia jiwe jingine. Alikaa huko muda wa kutosha nyama kwisha. Aliporudi jasho lilikuwa limemlowesha mpaka kiunoni, na akanionyesha ujumbe wa M-Pesa, fedha zimetumwa, thamani ya mbuzi mmoja, kwa sasa. Nikamwambia mzee.

Mzee akauliza kama ni jike.